Chupa ya Chai ya Kuazima

Mjukuu wangu amenifukuza kwenye meza yangu mwenyewe. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonikera mpaka nikashika kalamu, mimi ambaye shule niliiacha darasa la tano na kalamu huishika siku ya kutia sahihi tu. Binti amekuja likizo kutoka Songea, ana simu yenye macho matatu mgongoni, na tangu asubuhi amepanga pale dirishani nyanya tatu, kikombe cha bati kilichobanduka rangi, kisu changu cha mboga na kitambaa cha kufunikia ugali. Anasogeza nyanya, anapiga picha. Anairudisha ilipokuwa, anapiga tena. Nikamuuliza, "Mama, hizo nyanya zinaolewa au zimefiwa?" Akacheka, lakini kichwa hakuinua. "Bibi, sogea kidogo," akasema. "Unaingia kwenye picha."

Nikasogea. Sasa nimekaa huku jikoni kwenye kigoda, moshi unanitoa machozi, na hasira ya karibu miaka arobaini imerudi yote, kama vile ilikuwa imetoka kuteka maji tu.

Kwa sababu neno hilo hilo niliambiwa nikiwa na miaka kumi, uani kwa bibi yangu, milimani huko Litembo. Na picha yenyewe ndiyo iliyoamua mimi nilelewe na nani. Usione naongeza chumvi. Kaa nikueleze, ila ujue mimi sina njia iliyonyooka. Naeleza kama tunavyopanda milima yetu, kwa kuzunguka.

Nyumba ya bibi ilikuwa ya udongo, imekaa mgongoni mwa mlima, na chini yake mashamba ya ngolo, yale mashimo ya mraba tunayochimba mlima mzima mpaka unaonekana kama sega la nyuki. Ukungu ulikuwa unaingia ndani bila kubisha hodi. Asubuhi sikuamshwa na jogoo, niliamshwa na jiwe la kusagia: kwaru, kwaru, kwaru, bibi amepiga magoti, khanga imefungwa kifuani, anasaga mahindi ya uji. Mashine ya kusaga ilikuwepo, lakini bibi alisema unga wa mashine umeungua kabla haujapikwa. Alikuwa na chungu cha maharage kilichopasuka akakifunga waya, jembe lililolika mpaka limebaki kama kijiko, kibuyu cha maji, na sanduku la bati lenye kitenge kimoja cha kanisani. Hiyo ndiyo mali yote. Maharage yalichemka mchana kutwa katika chungu kile, na harufu yake ilishika kwenye nguo zetu hata shuleni wenzangu wakaniita Maharage. Sikujali. Wao walinuka moshi mtupu.

Bibi huyu alikuwa mzaa baba. Baba yangu alikufa kwa homa nikiwa mdogo, simkumbuki ila miguu yake. Mama alikaa pale miaka kadhaa, akilima na kuchuma kahawa. Kisha alikuja mwanamume wa ziwani. Enzi hizo watu wa Nyasa walipanda milima kwa miguu wakiwa na vikapu vya usipa mkavu, wale dagaa wa kule, wakabadilishana na sisi kwa maharage na mahindi. Huyu mmoja alikuja mara ya kwanza na kikapu, mara ya pili na kikapu, mara ya tatu akaja na mshenga.

Mama akaenda. Mimi nikabaki, maana kwetu mtoto ni wa ukoo wa baba, hilo halina mjadala. Lakini mama alilijadili. Alikaa mbele ya wazee siku nzima, akakataa kuinuka, mpaka wakampa neno moja la kumtoa pale. Wakasema: mtoto abaki kwa bibi yake, ila akikonda, akiwa hatunzwi, mama yake aje amchukue na mtu asimfungie mlango. Akikonda, njoo. Hayo maneno mawili ndiyo niliyoachiwa kama urithi.

Nisisahau kidole. Kabla mama hajaondoka, siku moja tulikuwa tunamenya kahawa kwa ile mashine ya mkono, yeye anazungusha, mimi namimina buni mbivu. Nikapeleka mkono mbali mno. Mashine ikachukua ncha ya kidole changu cha kati, mkono wa kushoto, pamoja na ukucha. Mama alinibeba mbio mpaka hospitali, damu inamtiririka shingoni, anasema njia nzima, "Ni mimi, ni mimi niliyezungusha." Kimepona, kifupi mpaka leo. Mama angekijua kidole kile hata gizani.

Basi. Nilipofika miaka kumi, ndiyo ile miaka ya ruksa, vitu vya nje viliporuhusiwa kuuzwa. Kabla ya hapo hata sabuni ilikuwa hadithi, tulifulia majani ya mpapai. Halafu ghafla vitu vikaanza kupanda mlima. Mitumba ikaja, mtu anavaa koti la mzungu mnene hata akigeuka lenyewe halijageuka. Zikaja glasi zenye mistari ya dhahabu, maua ya plastiki, redio za kaseti, na chupa za chai zenye maua mekundu ubavuni. Chupa ya chai ndiyo iliyotutia wazimu. Jirani yetu, mke wa karani wa kahawa, aliinunua mjini Mbinga, akapanda nayo mlima ameishika kifuani kama mtoto wa kubatizwa. Watu walikwenda kwake kunywa chai iliyopikwa jana, ili tu waone kama bado ina moto.

Vitu vilikuja, lakini mwaka ule kwetu chakula kilikuwa kidogo. Mvua ya mawe ilipiga mahindi yakiwa machanga. Nilikonda, siwezi kusema uongo. Na kichwani nikaota mapunye, bibi akaninyoa na kunipaka dawa ya majani, nikawa na kichwa cha kijani. Ila niseme na hili, nisije nikamwonea marehemu: yeye alikonda kuliko mimi. Alikuwa ananipa ukoko wote, anasema meno yake hayautaki.

Wauza usipa wana macho. Walirudi ziwani na habari, na mwezi haukuisha ikaja barua. Bibi hakujua kusoma, akaipeleka kwa mwalimu, mimi nyuma yake. Mwalimu akasoma: "Nimesikia mwanangu amekonda na kichwa kina mapunye. Nitumieni picha yake niione kwa macho. Kama ni kweli, nakuja kumchukua kama wazee walivyosema."

Bibi akasema, "Soma tena hapo pa kuja."

Mwalimu akasoma tena.

"Kumbe nilisikia vizuri," akasema bibi. Akaifunga barua katika pindo la khanga yake.

Mimi moyoni nilikuwa napiga ngoma. Nilitaka kwenda. Kwa nini nikufiche? Wauza usipa walisema kule watoto wanaoga ziwani bila kutumwa ndoo, na samaki wanakula mpaka wanaacha. Zaidi ya yote nilimtaka mama yangu. Nilijiangalia mbavu zangu nikaona zinatosha. Nilihitaji tu picha moja.

Na mpiga picha alikuwepo. Alikuwa na kibanda chake Mbinga karibu na soko, na Jumapili alipanda milimani kwa baiskeli, akiisukuma zaidi ya kuipanda. Mkanda wake ulikuwa na picha thelathini na sita, na haupelekwi Songea kusafishwa mpaka umalizike wote. Ndiyo maana picha za harusi zilifika bibi harusi akiwa na mimba ya pili. Sasa kulikuwa na tatizo la picha ya mwisho. Watu wetu hawakuitaka. Walisema anayefunga mkanda anafunga na siku zake. Nani aliyeanzisha maneno hayo sijui, lakini hata mlevi wa kilabuni ukimwambia ni ya mwisho, pombe inamtoka.

Kwa hiyo mpiga picha aliifunga mikanda yake kwa vitu. Kiatu kimoja. Kitunguu na kisu. Taa ya chemli na yai. Alizibandika ukutani kibandani kwake, watu wakamcheka: "Picha ya kitunguu! Nani amefiwa na kitunguu?" Yeye alijibu polepole, "Vitu havipepesi macho. Na haviniulizi picha yangu iko wapi." Nilipokuwa mtoto niliona ni mtu aliyekosa kazi. Leo namwona mjukuu wangu na nyanya zake, naona yule bwana aliwahi mno kuzaliwa.

Bibi akamwita. Akatumia wiki nzima kujiandaa, na hapo ndipo nilipoanza kunusa kitu. Alikwenda kwa mke wa karani kuazima chupa ya chai na glasi. Yule mama akamtania, "Bibi, unapokea askofu?" Bibi akajibu, "Napokea macho ya watu." Akaenda kwa katekista kuazima redio. Katekista akampa redio, betri akazitoa. "Betri sikupi, bibi. Picha haina sauti." Akapata maua ya plastiki, sijui wapi. Gauni la kunivalisha likaazimwa kwa binti wa mke wa karani, lina mikono ya puto, linanitosha mara mbili, na hiyo ndiyo ilikuwa nia yake, mbavu zisionekane. Kichwani nifungwe kilemba.

Na vitu vyetu? Alivitoa. Jiwe la kusagia alilivingirisha hadi nyuma ya nyumba, karibu na shimo la taka. Chungu chenye waya kikafuata, jembe, kibuyu. "Hivi vinatuaibisha," alisema. Nakumbuka nilivyoviona kule nyuma vimekaa kwenye umande kama watu waliofukuzwa.

Jumapili ile meza ilikuwa uani tangu watu walipotoka misa. Chupa ya chai katikati, glasi sita, redio, maua, mayai manne ya kuku wetu, hayo tu ndiyo yaliyokuwa yetu. Ukuta nyuma ulikuwa mweusi kwa moshi, bibi akatoa kitenge cha kanisani cha kutundika. Halafu akafanya jambo ambalo nikilikumbuka nacheka na kukasirika papo hapo. Alipika chai ya mchaichai, haina hata chembe ya sukari, akaijaza ile chupa mpaka juu.

Jirani akasema, "Bibi, picha haioni ndani!"

"Najua," akasema bibi. "Lakini mimi sitaki picha ya uongo."

Mpiga picha akafika jua limeshaanza kuegemea. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Umechelewa."

"Kipaimara kimenimaliza. Watoto wengi, na kila mmoja anataka peke yake na mshumaa wake."

Mimi nilikuwa tayari kitini, pembeni ya meza, gauni limenimeza. Nilikuwa nimejipanga. Akiinua kamera tu, nitavuta mashavu ndani, na kilemba nitakisukuma nyuma kwa kichwa mapunye yaonekane. Nilikuwa nimefanya mazoezi mtoni.

Yeye hakuwa na haraka. Akaizunguka meza kama mtu anayenunua ng'ombe. Akafuta glasi kwa shati lake moja moja. Akatoa mbili, akasema sita zinapiga kelele. Akasogeza mayai mbele, karibu na kitambaa cheusi cha spika ya redio, ili weupe wake upate pa kuegemea. Akageuza meza yote jua lije kwa ubavuni. "Mwanga wa mbele unakemea," alisema, "wa ubavuni unabembeleza." Bado hakuridhika. Akaenda kwenye baiskeli yake, akatoa mkate wa kununua mjini, mzima, aliokuwa akiwapelekea wanawe, akauweka kando ya chupa. Majirani wakasogea. Hata mimi nilisahau kuvuta mashavu. Ilikuwa ni meza ya watu wengine kabisa, lakini ilikuwa nzuri, Mungu wangu, ilikuwa nzuri.

Ndipo bibi akauliza, "Zimebaki ngapi humo?"

Mpiga picha akakohoa. "Moja."

"Ya mwisho?"

"Ya mwisho, bibi, lakini ni picha kama nyingine."

"Basi mtoto haingii."

Nilishika kiti kwa mikono miwili. Nikasema mimi siogopi. Mpiga picha akasema anaweza kurudi na mkanda mpya, ila mvua zimeanza, njia imeharibika, labda baada ya mavuno. Bibi hakusubiri amalize. Akanishika bega. "Toka hapo. Unaingia kwenye picha."

Nililia, mwenzangu. Nilisema mama ameomba picha yangu, hakuomba picha ya chupa! Jirani akanicheka, "Haya, mwache afunge mkanda, kesho tule wali wa msiba." Bibi akamkata jicho. Halafu kitenge kikawa hakishiki ukutani, udongo unabomoka, msumari unatoka. Bibi akanitazama. "Acha kulia, fanya kazi. Simama nyuma, ukishike juu."

Kwa hiyo nilikuwepo. Nilisimama juu ya kigoda kati ya ukuta na kitenge, mikono juu, pua imegusa nguo yenye harufu ya kafuri. Nilisikia mpiga picha anapumua. Na hapo nikapata akili. Nikavipandisha vidole vyangu vikakunjika upande wa mbele, vinane vyote, na kile kifupi nikakisimamisha. Nilikisimamisha mpaka kikatetemeka. Mama, niko huku. Njoo.

"Vidole," akasema mpiga picha, lakini mkono wake ulikuwa umeshabonyeza. Kamera ikalia, mkanda ukaanza kujirudisha wenyewe, vzzzz. Imekwisha.

Akauchukua mkate wake akaufunga kwenye baiskeli. Chai yenyewe tuliinywa jioni, bado ina moto, chungu kama dawa. Chupa ikarudi kwa mwenyewe kabla ya giza.

Picha ilikuja baada ya miezi miwili. Mpiga picha alijivunia, aliishika kwa kingo kama ya moto. Rangi zimetulia, mayai yanang'aa, na juu kabisa, kwenye pindo la kitenge, vidole vyangu vinane kama ndege kwenye waya, cha kati cha kushoto kifupi. Bibi aliisogeza karibu, akaipeleka mbali. Macho yake hayakuwa mazuri. "Imetoka vizuri," akasema. Mwalimu akaandika barua aliyoambiwa: mtoto hajambo, anakula, picha ilikuwa ya mwisho ya mkanda kwa hiyo hatukumweka, ila hali ya nyumba ni hiyo unayoiona. Kabla hajaitia kwenye bahasha aliitazama picha, akatazama mkono wangu, akanitazama usoni. Mwalimu alikuwa mwoga, lakini bahasha aliifunga taratibu sana.

Nikaanza kungoja. Kila kikapu cha usipa kilichotokea njiani nilikikimbilia. Jibu lilikuja na kikapu kizima cha usipa, zawadi. "Nimeiona. Nashukuru mnavyomtunza. Sina neno."

Sina neno! Bibi alikaanga usipa ule na nyanya, akiimba. Mimi nilikataa kula tangu mchana. Jioni harufu ikanishinda, nikala nikilia, na nilikula mwingi, na hilo pia linaniuma.

Mapunye yalipona. Mahindi ya mwaka uliofuata yalikuja vizuri, nikanenepa, na neno la wazee likafa lenyewe. Chupa ya jirani ilianguka na kupasuka ndani haijafika mwaka, akaja mlangoni kwetu amefura: "Bibi, ulipeleka chupa yangu kwenye picha ya mwisho!" Bibi akamjibu, "Bora yako, ilikunywesha chai." Nikiwa msichana mkubwa nilimuuliza bibi siku moja tunapalilia: ulinitoa kwa kuogopa picha ya mwisho, au ulinitoa ili nisichukuliwe? Aliendelea kupalilia mpaka mwisho wa shimo. Akasema, "Wewe si uko hai?" Ndilo jibu nililopata. Alikufa nalo, na hakuna picha yake hata moja duniani.

Mama nilimwona mara tatu baadaye. Kwenye mazishi ya bibi, kwenye harusi yangu, na mara moja hospitalini alipoletwa na tumbo. Tuliongea kama watu waliokutana stendi. Mvua huko kwenu? Ipo. Watoto? Wazima. Alinialika kwake Mbaha, kule ziwani, kila mara, nami nikasema nitakuja. Sikwenda. Nilisema moyoni: aliniona nimesimama na kidole juu, akajibu sina neno, na mimi sina neno. Ukaidi huu sijui niliutoa kwa bibi au kwake. Nadhani walichangia.

Mwaka jana akafa. Hapo nikaenda, unaona upumbavu wa binadamu. Nikapanda gari Mbinga, tukateremka ile milima hadi joto likanibandua sweta, kisha bodaboda kando ya ziwa mpaka Mbaha. Nilikula ugali wa muhogo na usipa mbichi kwa mara ya kwanza, mtamu, nikakasirika hata na utamu wake. Baada ya matanga, mdogo wangu, binti wa yule muuza usipa, akanipeleka chumbani kwa mama. Ukutani palikuwa na fremu moja. Ndani yake chupa ya chai.

"Hii ni kwenu," mdogo wangu akasema. "Mama alikuwa akija mgeni anamwonyesha. Alipoipata alitaka kupanda milimani kukuchukua, alishafunga na mzigo. Baba akamwambia, 'Nyumba yenye redio na mkate, unakwenda kudai nini? Wazee watakucheka.' Akaufungua mzigo."

Nilitazama pindo la kitenge. Vidole havikuwepo. Fremu ilikuwa fupi, picha ilikuwa imekunjwa juu ili iingie. Nikaomba nifungue. Nikatoa misumari kwa kisu, taratibu, jasho linanitoka. Lakini unyevu wa ziwa ulikuwa umeshafanya kazi yake. Pale pa mkunjo picha ilikuwa imegandana na ubao wa nyuma, na nilipoivuta, rangi ikabaki kwenye ubao, mkononi nikapata karatasi nyeupe. Karibu miaka arobaini nimengoja kuviona vidole vile, nikavibandua kwa mkono wangu mwenyewe.

Nilikaa kitandani kwa mama. Mdogo wangu alidhani naililia picha. Akasema, kwa kunifariji tu, "Tulipokuwa wadogo mama alikuwa anatuambia, nyuma ya kitambaa hicho yupo dada yenu. Huyu mdogo wetu wa kiume alikuwa anapanda kitandani anagonga kioo. Anaita, 'Dada, toka! Dada, toka tule!'"

Sasa nifanye nini na neno kama hilo? Lingenifaa nikiwa na miaka kumi. Lingenifaa hata akiwa hai, nishuke mlima nimwambie haya, nimetoka. Alijua. Alijua nimesimama pale, na akalala kila siku ukuta mmoja na mimi.

Na si hilo tu linalonikera. Nikiwaza picha ile, ukiacha mayai na kitenge, kila kilichoingia kilikuwa cha watu. Chupa ya jirani, redio ya katekista, mkate wa wana wa mpiga picha. Vyetu vilikuwa nyuma ya nyumba kwenye umande, pamoja na mimi. Leo ukiniuliza natamani kuona nini, natamani lile jiwe, lilivyoliwa katikati kwa magoti na mikono ya bibi hadi likawa kama kiganja. Waliojenga barabara waliligonga kokoto. Chungu sijui kilikwenda wapi. Wauza usipa hawapandi tena kwa miguu, samaki anakuja kwenye boksi juu ya pikipiki, na ngolo vijana wanasema zinaumiza kiuno. Mpiga picha alikwishakufa, kibanda chake sasa wanachaji simu. Vitunguu vyake vya ukutani sijui nani alivitupa.

Nimerudi dirishani sasa hivi kumwangalia mjukuu. Ameongeza mwanga kwa karatasi nyeupe, unakuja kwa ubavuni, hakufundishwa na mtu. Nyanya zimekaa kama zinasali. Nikaweka mkono wangu wa kushoto mezani, kando ya kikombe, kidole changu kifupi kimekaa mbele.

"Bibi, mkono wako umeingia."

"Uache humo humo."

Akanitazama. Akapiga. Akanionyesha: nyanya, kikombe, kisu, na mkono wangu, mikunjo yote. Nikasema hiyo ndiyo picha. Akasema sawa, bibi, kwa heshima zote za watoto wa siku hizi, akakaa pembeni na kidole chake kinacheza juu ya kioo cha simu. Jioni hii shangazi yake amepita, akaniambia ameiona tayari, binti ameshawatumia wote kwenye simu. Nikaomba nami niione.

Ni nzuri. Nyanya, kikombe, kisu, mwanga wa ubavuni. Mimi simo.